Uchambuzi wa kisa: Tinti iliyobandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye ualbino

Kisa hiki kilivyonifikia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia madereva na wenye magari kwa ushauri wa sheria, kwa kujitolea, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili wa Kampala, Uganda, na wa miji iliyo kando ya barabara ya kwenda Gulu, kaskazini mwa nchi. Kesi za vioo vyeusi vya magari, vilivyobandikwa karatasi ya giza iitwayo tinti, hunijia mara kwa mara. Nyingi huisha vibaya, kwa sababu askari na mwenye gari hubishana kuhusu weusi wa kioo bila yeyote kati yao kuuliza kioo kile kilitiwa weusi kifanye kazi gani. Mimi mwenyewe sikuwa nikiuliza. Kisa hiki ndicho kilichonibadilisha.

Familia imeniruhusu nikieleze. Nimeondoa majina, mji, shule, duka na kituo, na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha nimeyageuza. Watu nitawaita kwa nafasi zao nyumbani: Mama, Mjomba, ambaye ni mdogo wake Mama na ndiye dereva, Bibi, na Mtoto, msichana wa miaka sita.

Familia na gari lao

Mtoto alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina rangi ya kuizuia miale ya jua, macho yake hayaoni mbali, na mwanga mkali humuumiza hadi akayafumba. Uganda imepitiwa na ikweta, kwa hiyo jua letu halina msimu wa kupumzika, na kwa mtoto kama huyu kuungua mara kwa mara kunaweza kuja kuwa saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Bibi alilijua hilo kabla ya wengine wote. Yeye ndiye aliyeweka sheria za nyumba: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua kila asubuhi, na hakuna kutumwa dukani saa sita mchana. Kila baada ya miezi michache Mtoto hupelekwa kliniki ya ngozi Kampala.

Gari ni Toyota Noah lililotoka Japani, likanunuliwa kwenye bondi mojawapo ya Kampala, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa kutoka nje. Hapa kuna jambo ambalo familia haikulijua, na ambalo wenye magari wengi wa Uganda hawalijui ingawa wanaliendesha kila siku. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango miwili ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Vioo vilivyo nyuma ya dereva havina kikomo hicho. Ndiyo maana Noah nyingi hufika kwetu zikiwa na vioo vyeupe mbele na vioo vya giza nyuma, giza ambalo limo ndani ya kioo chenyewe tangu kiwandani, halikubandikwa. Gari la familia hii lilikuwa hivyo. Nusu ya kile walichokuwa wakikitafuta kilikuwa tayari kwenye milango ya kuteleza.

Lakini Mtoto hakuwa akikaa nyuma. Alikuwa akikaa mbele, kushoto kwa Mjomba, kwa sababu nyuma hutapika na kwa sababu anapenda kusogeza uso kwenye kioo ili aone vitu kwa karibu. Na kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa tangu mwaka wa kwanza.

Tinti ilivyobandikwa

Siku moja Mtoto alirudi safari ndefu shavu la kushoto likiwa jekundu na limevimba. Mama hakusubiri. Kesho yake alikwenda kwa fundi wa karatasi za tinti, katikati ya maduka ya vipuri, akamweleza shida yake waziwazi: nina mtoto mwenye ualbino, nataka kinga ya jua. Fundi akamwonyesha vipande vitatu. Mama akachagua cheusi kuliko vyote, tinti ya 5, yaani inayopitisha asilimia 5 tu ya mwanga, na fundi akaibandika gari zima isipokuwa kioo cha mbele, ambacho alikiwekea utepe mpana juu.

Simlaumu Mama hata kidogo. Angechagua nini mbele ya vipande vile? Macho humwambia mtu kwamba kilicho cheusi kinazuia zaidi. Ila fundi aliombwa kinga akauza giza, na hakutaja kwamba hivyo ni vitu viwili.

Jioni ya kizuizi

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na nusu jioni, manyunyu yanaanguka. Walikuwa wakitoka kliniki. Familia ilikuwa na desturi ya kusafiri jua likishazama, kwa ajili ya Mtoto. Kwenye kizuizi askari wa trafiki aliwapungia wasimame, akasogea upande wa dereva.

"Habari ya jioni. Shusha kioo."

Mjomba alishusha kiasi cha vidole vinne.

"Vyote. Na washa taa ya ndani."

"Afande, kuna mtoto amelala, manyunyu yatamwingia."

Askari alimulika tochi kwenye mlango wa kuteleza. Mwanga wa tochi ukamrudia usoni. Hakuona mtu wala kiti. Alirudi nyuma hatua mbili na kumwita mwenzake mwenye bunduki, na Mama aliniambia kwamba hapo ndipo miguu yake ilipoanza kutetemeka.

Alichofanya Mama baada ya hapo nakihesabu kuwa uamuzi bora wa jioni nzima. Aliwasha taa ya ndani, akasema kwa sauti kabla hajagusa kitasa, "Afande, mimi ni mama wa mtoto. Naomba nifungue mlango utuone." Aliporuhusiwa alifungua taratibu, mikono yake miwili ikionekana. Askari akamwona Mtoto amelala kiti cha mbele, amefunikwa kanga. Sauti yake ikashuka, lakini msimamo wake haukushuka: "Mama, pole. Lakini tinti hii ni haramu. Itoeni hapa hapa." Mwenzake akataja wembe.

Mjomba alikataa, na sababu yake ilikuwa ya kweli: kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, na ukikwangua kwa wembe nyaya zinakatika. Maneno yakaanza kupanda. Mama akanipigia simu.

Nilimwambia jambo moja. Asibishane kama tinti ni haramu au halali. Amwombe afande kwa heshima aandike kosa kwenye tiketi, na gari likaguliwe na mkaguzi wa magari. Askari alikubali, tena nadhani kwa nafuu, maana mvua ilikuwa imeanza kunyesha sawasawa. Tiketi ilipoandikwa haikutaja tinti. Ilisema gari liko katika hali mbovu ya kuhatarisha, na waliagizwa walipeleke kwa mkaguzi.

Siku zilizofuata

Nilikuwa na hoja yangu tayari. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28(12), inasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai mpaka kosa hilo liwe limeelezwa na adhabu yake imewekwa na sheria. Afande alisema haramu. Basi na aonyeshe kosa lilipoandikwa, na kipimo chake. Niliipenda hoja hiyo. Nilikuwa nimeitumia kabla na ikafanya kazi.

Tatizo ni kwamba tiketi ilikuwa imenikwepa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020, haihitaji neno tinti ili kulishika gari lisiloendesheka salama. Ukisimama mbele ya hakimu kubishana kuhusu asilimia za mwanga, naye anauliza kama dereva alikuwa anaona pembeni, umepoteza kabla hujakaa. Hata hivyo tulikuwa na muda, kwa kuwa wakati huo aliyepewa tiketi ya namna hii alikuwa na siku 28 za kulipa benki au kuchagua kwenda mahakamani, na hatukuwa na sababu ya kukimbilia lolote.

Mama alirudi kliniki kuomba barua. Aliipata siku ya pili. Ilisema Mtoto ana ualbino na kwamba gari analosafiria "liwe na vioo vyeusi". Tulifurahi sana. Mpango wetu ukawa twende kwa mkaguzi na gari likiwa vilevile, barua mkononi, tuombe liachwe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipanda gari na Mjomba kwenda kununua mafuta. Nilitaka tu nijue njia ya kufika kwa mkaguzi. Tulipofika njia panda isiyo na taa, akashusha kioo chake chote, akatoa kichwa nje, akatazama kulia. Kisha akaniomba mimi nishushe cha kushoto.

Nikamuuliza, "Kaka, unafanya hivi kila mara?"

Akanyamaza kidogo. "Usiku, ndiyo. Vioo vikiwa juu sioni kitu."

Baadaye, gari likiwa limesimama, aliniambia la pili, ambalo hakuwa amemwambia dada yake. Wiki tatu kabla ya kizuizi, akirudi nyuma kutoka kwenye maegesho jioni, alisikia kelele, akakanyaga breki. Bodaboda aliyebeba mama na mtoto mgongoni alikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Hakuwa amewaona, si kwa kioo cha nyuma wala kwa vioo vya pembeni. Hakuna aliyeumia. Mjomba alisema anaota ile kelele.

Tulirudi nyumbani nikamwomba amweleze Mama mwenyewe. Alimweleza. Bibi alikuwa amekaa karibu, akauliza swali ambalo mimi mwanasheria wa kujitolea sikuwa nimeliuliza kwa siku zote nne: "Na mchana, mkimtoa shule saa tisa, vioo mnavifunga?"

Havikuwa vikifungwa. Kiyoyozi kimekufa, ndani ya gari jeusi ni tanuri, kwa hiyo vioo vilikuwa chini njia nzima. Jua lilikuwa likimpiga Mtoto moja kwa moja, kupitia uwazi ambao hata kioo cha kawaida kingeukinga.

Nimelirudia jambo hili akilini mara nyingi. Karatasi ile ilikuwa juu usiku, wakati hakuna jua, ikimpofusha dereva. Mchana, wakati wa kazi yake, ilikuwa imezama ndani ya mlango. Familia ililipa, ikasimamishwa, ikapewa tiketi, ikatafuta barua ya daktari, na kwa muda wote huo Mtoto hakuwa amekingwa hata saa moja.

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Itoeni yote."

Kwa mkaguzi

Fundi mwingine aliitoa karatasi kwa mvuke, polepole, na nyaya za kioo cha nyuma zilipona. Alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia mwanga, nikamwomba apime kabla na baada. Mlango wa mbele wenye tinti ulipitisha asilimia 4 tu. Kioo kitupu kilipitisha 78. Mlango wa kuteleza, kwa giza lake la kiwandani peke yake, ulipitisha 24. Pamoja na tinti juu yake ulikuwa umeshuka hadi 1.

Hesabu yake ni ya kuzidisha, si ya kutoa, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Karatasi ya 5 haimaanishi kioo kitabaki na 5. Inapitisha asilimia 5 ya kile ambacho kioo kimeshapitisha. Chukua 78, zidisha kwa 5 kwa mia, unapata karibu 4. Chukua 24, unapata 1. Mtu anayebandika karatasi ya 70 kwenye kioo cha 78 akidhani amebaki na 70, amebaki na 55 hivi.

Mkaguzi alikuwa mtu mtulivu. Hakutumia kifaa. Alikaa kiti cha dereva, akatazama kulia na kushoto, akatazama nyuma, akamwambia msaidizi wake atembee kulizunguka gari. Aliisoma barua ya daktari hadi mwisho, akamrudishia Mama akisema aitunze, lakini kwamba barua haimfanyi dereva aone. Alikuta taa moja ya breki haiwaki, na hilo ndilo pekee aliloandika. Taa ilitengenezwa siku hiyohiyo na gari likapita.

Matokeo

Mimi nilitaka tuipinge tiketi. Mama akakataa. Alisema jioni ile gari lilikuwa hatari kweli, na hataki kusimama mahakamani kusema vinginevyo. Alilipa siku ya 11.

Fedha zilitosha kitu kimoja kati ya viwili: kufufua kiyoyozi au kununua karatasi angavu ya kuzuia urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi; bei ya karatasi hiyo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile nyeusi. Walianza na kiyoyozi. Mtoto akahamishiwa safu ya kati, nyuma ya kioo cha giza la kiwandani, kiti chake kimeinuliwa ili aone mbele katikati ya viti, na kutapika kukapungua baada ya wiki mbili. Miezi miwili baadaye karatasi angavu ilibandikwa milango ya mbele na ya kuteleza. Kipimo cha milango ya mbele kilisoma 70.

Wamesimamishwa kwenye vizuizi mara tatu tangu wakati huo. Mara zote askari alimwona Mtoto kabla hajafika mlangoni.

Uchambuzi: miale na mwanga

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa la maarifa, na tulilifanya wote: Mama, fundi wa kwanza, daktari, na mimi. Tulichukulia mwanga tunaouona na miale inayounguza kuwa kitu kimoja. Urujuanimno hauonekani kwa macho. Karatasi inaweza kuwa nyeusi kama usiku na ikaupitisha kwa kiasi, na inaweza kuwa angavu kama maji na ikauzuia karibu wote.

Vioo vyenyewe navyo havifanani. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na utando huo hula sehemu kubwa ya miale. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni vya tabaka moja, vilivyokazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, havina utando. Mwaka 2016 daktari mmoja wa macho wa Marekani alichapisha vipimo vya magari 29: vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya miale mirefu ya urujuanimno, vya pembeni 71, na tofauti kati ya gari na gari kwenye vile vya pembeni ilikuwa kubwa sana. Miale mifupi, ile inayounguza haraka zaidi, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na kioo chochote kilichofungwa. Kwa Mtoto maana yake ni kwamba shavu lake la kushoto liliungua hasa kwa sababu kioo kilikuwa chini. Kuvipandisha vioo kungefanya kazi kubwa kuliko kuvipaka giza, na ili vipande, kiyoyozi kilihitajika. Dawa ya kisa cha vioo ilikuwa kwenye gesi ya kiyoyozi.

Nisilipite jambo moja, kwa haki ya Mama. Giza lilimsaidia Mtoto kwa upande mmoja: macho. Watu wenye ualbino huumizwa na mwanga mkali wenyewe, si miale tu, na Mtoto alisema ndani ya gari jeusi macho hayamwashi. Hitaji hilo ni la kweli. Lilijibiwa na kiti cha kati, miwani ya jua na kofia, bila kumgusa dereva.

Uchambuzi: askari

Wasomaji wangu wengi watamkasirikia afande wa wembe. Nami sikubaliani na wembe. Kumwambia raia aharibu mali yake barabarani gizani, bila kosa kuandikwa, hakumlindi hata askari mwenyewe. Lakini jiweke mahali pake. Andrew Felix Kaweesi, aliyekuwa afisa mwandamizi wa polisi, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake Machi 2017. Mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa Juni 2018. Jenerali Katumba Wamala alinusurika Juni 2021, binti yake na dereva wake wakafa. Washambuliaji wa visa vyote vitatu walikuja kwa pikipiki, chombo kisicho na kioo hata kimoja, lakini hofu huwa haifuati mantiki hiyo, na askari anayesimama kizuizini jioni anabeba majina hayo kichwani.

Raia nao wana hofu yao ya vioo hivyohivyo. Kipindi cha uchaguzi wa 2021 gari aina ya Hiace lenye vioo vyeusi, lisilo na namba, lilipewa jina la "drone", na watu walilihusisha na kukamatwa na kupotea kwa wafuasi wa upinzani. Mjini kwetu watoto walikuwa wakikimbia wakiliona. Askari na raia wa nchi moja wanaogopa kioo kimoja, kila mmoja akiwa upande wake wa kioo hicho. Anayebandika tinti ya 5 kwa nia njema kabisa anaingia katikati ya hofu hizo mbili, na hawezi kuonyesha nia yake kupitia kioo.

Kilichofanya kazi jioni ile ni taa ya ndani, sauti, na mikono. Mama hakufundishwa na mtu. Nawafundisha wote wanaonijia sasa, tena kabla ya neno lolote la sheria: ukisimamishwa usiku, taa ya ndani kwanza, vioo vyote chini, mikono kwenye usukani, halafu ndipo salamu.

Uchambuzi: tiketi, barua na mimi

Kuomba kosa liandikwe kulikuwa sahihi. Tiketi iliyasimamisha mabishano, ikalipeleka gari kwa mtu mwenye ujuzi wa magari, na ikatupa siku za kufikiri. Bila siku hizo nisingepanda gari na Mjomba usiku.

Barua ilikuwa nzuri kwa nia, dhaifu kwa maneno. Daktari aliandika alichoambiwa na Mama, "vioo vyeusi", badala ya kile ambacho taaluma yake inakijua: kinga dhidi ya urujuanimno na mwanga mkali, kwa kiti anachokaa mgonjwa. Barua ya namna ya pili haigombani na usalama wa dereva. Baadaye tuliomba iandikwe upya hivyo, na hiyo ndiyo inayokaa garini leo.

Mimi nilikosea kwa kuipenda hoja yangu. Ibara ya 28(12) ni ngao ya kweli na nitaendelea kuishika, hasa pale raia anapotishwa kwa kosa ambalo hakuna anayeweza kulionyesha. Lakini niliianza kabla ya kumjua mteja wangu. Mteja wangu alikuwa Mtoto. Kama tungeshinda kwa hoja ile, karatasi ingebaki, Mjomba angeendelea kutoa kichwa nje kwenye njia panda, vioo vingeendelea kuwa chini saa tisa alasiri, na mimi ningeiandika kesi hiyo kuwa ushindi.

Kuhusu kipimo, familia iliniuliza kwa nini nilisisitiza 70 kwenye milango ya mbele wakati kizuizini hakuna aliyetaja namba. Jibu langu ni kwamba gari lenyewe lilitengenezwa kwa kipimo hicho. Uingereza inadai 70 kwa milango ya mbele na 75 kwa kioo cha mbele kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Nchi zinazofuata kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 zinadai 70 kwa vioo ambavyo dereva hutazamia mbele. India ilikwenda mbali zaidi: Mahakama ya Juu yake ilipiga marufuku karatasi za kubandika mwaka 2012, hata zile angavu, na kuacha giza la kiwandani pekee. Namba 70 hurudi katika nchi nyingi. Mwenye gari wa Uganda anayebaki hapo kwa milango ya mbele, na akaacha nyuma kama kiwanda kilivyoacha, ana jibu la kumpa askari, mkaguzi na hakimu, na dereva wake anaona.

Kinachoendelea

Ngozi ya Mtoto haijaungua garini tangu kiyoyozi kirudi. Mjomba sasa hushuka na kulizunguka gari kabla ya kurudi nyuma, hata mahali ambapo anaona vizuri.

Juzi Mama alinipigia tena, na moyo ukanishtuka nikidhani ni kizuizi. Hapana. Amegundua kwamba darasani Mtoto ameketishwa dirishani, upande wa magharibi, ili aone ubao kwa mwanga mzuri, na jua la alasiri linaingia moja kwa moja. Alitaka kujua kama ile karatasi angavu hubandikwa pia kwenye dirisha la nyumba. Hubandikwa. Kesho tunakwenda kuonana na mwalimu mkuu, na Bibi amesema naye anakuja.